Dakika Nne za Usiku wa Ijumaa

Katika kibanda cha Fundi Haidari, hatua chache kutoka stendi ya Kibiti, palikuwa na saa kumi na saba ukutani, na zote zilisema neno moja. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lake. Abiria aliyeshuka kwenye basi la Ikwiriri akichungulia mle ndani aliiona mishale yote imeelekea upande mmoja kama watu waliojipanga safu msikitini, akajua kuwa humo mna fundi. Wateja wenyewe siku hizi walikuwa wa kuhesabika, maana kila mtu anatembea na saa ndani ya simu, lakini tangazo lilikuwa palepale.

Tangu Januari ikaingia saa ya kumi na nane, nayo haikusikilizana na wenziwe hata kidogo.

Ilikuwa saa ya shaba, ya duara, iliyowahi kufungwa kwenye boti moja kule Mbwera miaka mingi iliyopita. Haidari aliikuta kwa muuza vyuma chakavu, imeliwa na chumvi mpaka rohoni. Aliifungua, akayaosha meno yake moja moja, akaitia mafuta, ikafufuka. Kisha, badala ya kuifundisha adabu za saa nyingine, akaanza kuifundisha kukimbia.

"Mzee Haidari," aliita Mudy, fundi simu wa kibanda cha pili, baba wa watoto wawili ambaye ulimi wake haukujua kukaa chini. "Hiyo ya shaba vipi? Jana ilikuwa mbele kwa saa nzima. Leo saa nzima na dakika nne. Inawahi basi?"

"Inawahi nyota."

"Nyota zipi mchana huu?"

"Zote. Ziko palepale juu. Jua tu linakuziba macho."

"Ah, mimi marehemu mama alikuwa akinizaba kofi moja naziona mchana kweupe. Bila saa wala nini."

Haidari aliirudia saa yake. Aliinama tena, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa kwenye jicho la kulia, akakisogeza kwa ncha ya kibano kile kidole kidogo kinachoamua saa iende mbio au iende taratibu. Upana wa unywele, si zaidi. Kisha akaandika kwenye daftari: siku, saa, na kiasi ilichozidi. Alitaka izidi dakika tatu na sekunde hamsini na sita kila siku, si pungufu, si zaidi. Miaka hamsini watu walimletea saa zinazokimbia azitulize. Hii ilikuwa ya kwanza kuiharibu kwa makusudi, na aliiharibu kwa uangalifu kuliko alivyowahi kutengeneza yoyote.

Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Tabu, mwalimu wa fizikia katika sekondari iliyo upande wa juu wa mji. Mwalimu Tabu alikuwa dada wa bara, mzaliwa wa Maswa, na alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu tangu ahamishiwe Kibiti. Shule ilipata darubini kuukuu kutoka kwa wahitimu wake wa zamani, ikafungwa uani juu ya mguu wa saruji. Ilikuwa na pete mbili za namba. Ukizielekeza pete hizo panapotakiwa, darubini inatazama nyota unayoitaka hata kama wewe huioni. Pete moja ilikuwa ya nyuzi za pembe, haina shida. Ya pili ilikuwa ya saa, ila si saa hizi zetu.

"Jua likiondoka kichwani pako," Mwalimu Tabu alimweleza siku ya kwanza, akiwa amekaa kwenye kibao cha wateja, "hurudi baada ya saa ishirini na nne. Sivyo, mzee?"

"Ndivyo."

"Nyota haingoji kiasi hicho. Iliyokuwa juu ya paa lako jana saa mbili usiku, leo inafika palepale saa mbili kasoro dakika nne. Kesho kasoro nane. Kwa mwezi inakuwa imewahi kwa saa mbili, na kwa mwaka imepata siku nzima ya ziada. Sasa mimi nataka saa inayokwenda nazo."

Haidari alikumbuka ujana wake. Alikuwa amerudi Mbwera, kwenye dungu la baba yake, kibanda kile cha juu ya miti walimokuwa wakilala kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Palikuwa na nyota kubwa nyeupe iliyokuwa ikichomoza nyuma ya dungu la jirani, naye aliitumia kujua zamu yake imefika. Baada ya wiki mbili akaanza kulalamika kwamba nyota ile inamwamsha mapema. Kaka zake walimcheka mpaka mavuno. Leo, akiwa na miaka sabini na minne, anaambiwa kwamba alikuwa na haki, tena haki yenyewe ina namba.

"Dakika nne kamili?" aliuliza.

"Tatu na sekunde hamsini na sita."

"Basi sema hivyo. Dakika nne kamili ni maneno ya sokoni."

Mwalimu Tabu alicheka, na tangu siku hiyo wakawa marafiki. Alimfundisha kugeuza muda kwa penseli: kila saa moja ya jua uongeze sekunde kumi kasoro kidogo, upate saa za nyota. Haidari aliligeuza kila alilolikuta. Alimwambia mkewe, Mwanaheri, kwamba chai yake imechemka dakika kumi za jua, ambazo za nyota ni dakika kumi na sekunde moja na nusu na ushei. Mwanaheri alimwambia ainywe kabla haijapoa katika saa zote mbili.

Mwisho mwalimu akamletea jedwali alilolipiga chapa: kila mstari siku moja, na mbele yake saa ya nyota ya hapo Kibiti ifikapo saa mbili kamili usiku. Aliichagua saa mbili kwa sababu Haidari hurekebisha saa zake zote kwa redio, kwenye milio ya kabla ya taarifa ya habari.

Haidari alilisoma kwa kidole. "Hii saa tano na dakika ishirini na tatu. Ni saa tano ya Kizungu au ya Kiswahili?"

"Si ya Kizungu wala ya Kiswahili. Ni ya nyota."

"Nauliza kwa sababu hapo ndipo mtu wa kwetu angeteleza. Akaongeza sita au akapunguza sita."

"Mzee, wewe huwezi kuteleza hapo."

"Mimi? Hapana," alisema Haidari, na alisema kweli. Mtego huo aliuona kwa mbali, akauruka.

Jumapili moja ya Februari, baada ya swala ya isha, aliiweka saa ya shaba mezani nyumbani kwake, redio upande wa kushoto, jedwali upande wa kulia. Akauandaa mshale mahali jedwali lilipoonyesha. Mlio wa mwisho wa redio ulipolia, akaiachia saa, ikaanza kutembea. Akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake uliosimama wima, mwandiko aliojifunzia ukubwani katika madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, kwa taa ya chemni, kwenye madawati ambayo mchana yalikuwa ya watoto na usiku magoti ya baba zao hayakuenea chini yake. Haidari hakuwahi kukaa darasani jua likiwa linawaka. Hakulisema jambo hilo mara nyingi, lakini hakulisahau.

Jumatatu baada ya isha alipanda bodaboda kwenda shuleni, saa ikiwa mapajani imefungwa kwenye kanga ya Mwanaheri. Mwalimu Tabu alikuwa anamngoja uani, pamoja na mkuu wa shule aliyekuja kushuhudia. Walichagua Shiira, nyota ambayo kila aliyesoma Kurani chuoni analijua jina lake, na ni wachache wanaoijua kwa macho. Mwalimu alisoma saa ya shaba, akapiga hesabu ya kutoa, akazungusha pete, akafunga skrubu, akainama kwenye darubini.

Alirekebisha kioo, akatazama tena.

"Hamna kitu," alisema. Akausukuma mtutu kidogo upande wa mashariki. "Aa, hii hapa. Ilikuwa pembeni. Kama upana wa miezi miwili ya angani ukiipanga kando kwa kando." Akatoa simu, akafungua programu ya nyota. "Mzee, saa yako iko mbele kwa dakika tatu na sekunde hamsini na saba."

"Haiwezekani."

"Si kitu. Irudishe nyuma dakika nne, mambo yaishe."

"Mambo hayaishi hivyo, Mwalimu. Mtu akiniletea saa inayokosea, nikasukuma mshale nikamkabidhi, huyo nimemuibia. Kwanza nijue imekosea wapi."

Mkuu wa shule, mtu mpole asiyependa maneno marefu, alikohoa. "Fundi, Jumamosi ni siku ya wazazi. Nimewaambia wataona nyota kabla ya jua kuzama. Mchana hatuwezi kupapasa kama hivi, anga ni nyeupe, hakuna cha kushika. Saa yako ikikubaliana na nyota, itakaa kwenye ukuta wa maabara, na jina lako chini yake. Isipokubaliana, tutatumia simu ya mwalimu na saa tutakurudishia kwa heshima zote. Siwezi kuweka ukutani saa ambayo kila siku tutaiombea radhi."

"Umesema kweli," alijibu Haidari. Aliifunga saa yake kwenye kanga, akafunga mafundo mawili, akapanda bodaboda.

Alipofika nyumbani alimweleza Mwanaheri. Mwanaheri alimsikiliza hadi mwisho akamuuliza jambo moja tu.

"Jina lako lingeandikwa ukutani?"

"Chini ya saa. Fundi Haidari, Kibiti."

"Basi zitafute hizo dakika nne, Baba Warda. Mimi nitakutilia chai."

Jumanne usiku aliisikilizia redio saa mbili kamili, akaangalia saa, akaangalia jedwali. Vilikubaliana mpaka sekunde. Jumatano hali ikawa ile ile. Alimpigia mwalimu simu.

"Mwalimu, saa yangu na jedwali lako hazipishani hata sekunde mbili. Kama kuna kosa, limo kwenye jedwali."

"Jedwali nimelipiga hesabu upya asubuhi, mzee. Liko sawa."

"Pengine umeweka Dar es Salaam badala ya Kibiti. Sisi tuko magharibi kidogo."

"Nimeweka Kibiti. Na hata ningeweka Dar, ingekuwa dakika moja na kitu, si nne. Labda saa inakimbia kuliko tulivyopatana."

"Ingekuwa inakimbia, kosa lingekua. Jumatatu dakika nne, Jumanne nne na robo, Jumatano nne na nusu. Ugonjwa wa saa hukua, mwanangu. Huu umesimama mahali pamoja."

"Basi sijui," alisema Mwalimu Tabu, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Haidari alihisi amemkazia mno. Akalainika. "Tuyaache hayo. Mimi nina hitma ya mama yangu, tunaisoma kila Shaabani. Usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi. Njoo ule na sisi."

"Usiku wa Ijumaa? Nitakuja, mzee, bila kukosa."

Hitma ilisomwa, watu wakajaa mpaka barazani. Mudy alikuja na kanzu yenye mikunjo ya sandukuni, akala sahani mbili za pilau akamsifu marehemu kana kwamba alimjua. Mwanaheri alikuwa ameitenga sahani ya Mwalimu Tabu na kuifunikia kawa. Watu walipotawanyika, ile sahani ilikuwa bado pale, na pilau limepoa.

"Hakuja," alisema Mwanaheri.

"Labda amepata udhuru."

"Udhuru gani? Simu anayo. Umemkasirisha wewe na hizo dakika zako nne. Mtoto wa watu yuko mbali na kwao, unamwita mwongo kwenye simu, halafu unamwita aje kula."

Haidari aliichukua ile sahani, akaipeleka jikoni. Usiku ule hakuigusa saa. Aliuona ukuta wa maabara waziwazi, mweupe, na msumari hauna kitu. Hilo angeweza kulimeza. Lakini kumpoteza mtu pekee aliyekaa kwenye kibao chake na kuzungumza naye hesabu, hilo hakuliweza.

Siku ya Ijumaa alifunga kibanda mapema. Alikuwa barazani akitia udhu kwa ajili ya magharibi, maji yakimchuruzika viwikoni, alipoiona bodaboda ikisimama. Akashuka Mwalimu Tabu. Alikuwa amevaa dira jipya, amejitanda ushungi kwa namna ya mtu asiyeuzoea, na mkononi ameshika mfuko wa sukari.

"Shikamoo, mzee. Jamani, nimewahi?"

Haidari alibaki na birika mkononi. "Marahaba. Umewahi nini, mwanangu?"

"Hitma. Mbona kimya? Watu hawajafika?"

Mwanaheri alitoka jikoni akijifuta mikono. Alimtazama mgeni juu mpaka chini, akautazama mfuko wa sukari, na hasira aliyokuwa ameiweka tangu jana ikakosa pa kushika.

"Mwalimu, hitma ilikuwa jana."

"Jana? Lakini mzee aliniambia usiku wa Ijumaa."

"Ndiyo. Usiku wa Ijumaa ulikuwa jana."

"Jana ilikuwa Alhamisi, mama!"

"Alhamisi mchana. Jua likishazama, si umeshaingia usiku wa Ijumaa? Leo likizama ni usiku wa Jumamosi. Kwani kwenu huko usiku unakuja nyuma ya mchana?"

"Kwetu usiku wa Ijumaa ni Ijumaa usiku!"

"Loo! Basi nyinyi mnaanza siku na jua kali, mnamaliza na giza. Poleni." Mwanaheri alianza kucheka, akaushika mkono wa mgeni. "Na mimi jana nimekusema weee, mpaka sahani yako imenuna. Ingia ndani. Pilau limebaki, nitalipasha."

Mwalimu Tabu naye alikuwa anacheka, ameziba uso kwa ushungi. "Nimeazima hata dira kwa jirani! Siku nzima nimepitwa!"

Haidari hakucheka. Birika lilikuwa limeinama mkononi mwake na maji yote yalikuwa yanamwagika kwenye kidole gumba cha mguu.

"Siku nzima," alisema taratibu. "Mwalimu, umepitwa kwa siku nzima."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Kwa siku nzima nyota zinatangulia kiasi gani?"

Mwalimu Tabu aliuachia ushungi. Kicheko kilikatika. "Dakika tatu na sekunde hamsini na sita na ushei. Karibu hamsini na saba."

Haidari aliingia ndani miguu ikiwa imelowa, akatoka na daftari na jedwali. Akamwonyesha mstari wa Jumapili ile kwenye daftari. Kwa mwandiko wake uliosimama wima palikuwa pameandikwa: Usiku wa Jumatatu, saa mbili kamili, nyota saa tano na dakika ishirini na saba.

"Nilikaa Jumapili, baada ya isha," alisema. "Kwangu mimi Jumapili ilikuwa imeshakwisha. Nikasoma mstari wa Jumatatu."

"Na mimi mstari wa Jumatatu niliuandika kwa Jumatatu jioni." Mwalimu Tabu aliweka kidole kwenye jedwali, mstari wa juu yake. "Ulitakiwa usome huu. Saa tano na dakika ishirini na tatu."

"Jumanne nikausoma wa Jumatano. Jumatano nikausoma wa Alhamisi. Ndiyo maana mimi na jedwali tulikubaliana kila siku. Tulikosea pamoja."

"Kumbe saa haina kosa."

"Haina." Haidari alivuta pumzi ndefu. "Wala jedwali halina. Nakuomba radhi, mwanangu. Nilikwambia limo kwenye jedwali."

"Na mimi nilikwambia saa inakimbia. Kosa ni langu, ningeandika vizuri ni jioni ipi."

"Kosa ni langu mimi niliyesoma."

"Kosa ni la jua," alisema Mwanaheri kutoka mlangoni, "linazama kabla hamjamaliza maneno. Baba Warda, magharibi inakupita. Mwalimu, njoo ule."

Jumamosi alasiri uani mwa shule palijaa. Wazazi wengine walikuwa wametoka Ikwiriri, na wachache walikuwa wamevuka tangu delta, viatu mikononi mpaka walipofika barabarani. Mudy alikuwa amefunga kibanda chake, simu mbili mkononi, tayari kupiga picha za ushindi au za aibu, yeye hakuchagua. Mkuu wa shule alimtazama Haidari, akainua nyusi.

"Nimelijua kosa," alisema Haidari. "Ilitangulia kwa siku moja. Sasa naisimamisha ingoje."

Mshale haurudishwi nyuma. Hilo alilijua tangu ujana. Alikifungua kifuniko cha nyuma, akatoa brashi yake ndogo kuliko zote, akaugusisha unywele mmoja kwenye kile kigurudumu kinachokwenda na kurudi. Kigurudumu kikatulia. Saa ya shaba ikanyamaza.

"Dakika tatu na sekunde hamsini na saba," alisema Mwalimu Tabu, akishika simu. "Za jua au za nyota, mzee?"

"Hapo tofauti yake haifiki sekunde. Hesabu za jua."

Watu waliokuwa karibu walinyamaza, na walio mbali wakanyamaza kwa sababu wa karibu wamenyamaza. Hata Mudy alishusha simu. Mzee alisimama ameinama kidogo, mkono wake wenye mishipa umeshika brashi, hautikisiki. Mama mmoja alimnong'oneza jirani yake, "Kwani anafanya nini?" Jirani akamjibu, "Anaingoja dunia," na mtu hakucheka. Kutoka barabara kuu ilisikika honi ya basi, kisha ikapotea upande wa Ikwiriri. Haidari hakufikiri juu ya ukuta wala jina. Alifikiri juu ya dungu la baba yake na ile nyota iliyokuwa ikimwamsha mapema, na jinsi alivyokuwa hana wa kumwambia.

"Kumi," alianza Mwalimu Tabu. "Tisa. Nane."

Kwenye sifuri aliinua unywele. Saa ikashika mwendo.

Mwalimu aliisoma kwa sauti ili wanafunzi wasikie. "Saa ya nyota sasa ni saa tatu na dakika kumi na saba. Shiira hufika katikati ya anga saa sita na dakika arobaini na sita. Imebakiza kiasi gani?"

"Saa tatu na dakika ishirini na tisa!" walijibu wanafunzi kwa pamoja.

Akazungusha pete saa tatu na dakika ishirini na tisa upande wa mashariki. Akaweka nyuzi. Akafunga skrubu zote mbili, akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. Mtutu ulikuwa umeelekea kwenye anga tupu la buluu, juu ya paa la bweni, na jua liko upande wa pili kabisa, linawaka.

"Mzee, wewe kwanza," alisema.

Haidari alitikisa kichwa. "Mama Warda."

Mwanaheri alijikunja, akaweka jicho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mkuu wa shule alianza kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda huu.

"Mna unga wa buluu tu," alisema Mwanaheri. Kisha akasema, "Ngojeni." Kisha sauti yake ikashuka. "Ipo. Katikati kabisa. Kama punje ya chumvi. Jamani, inametameta."

"Katikati?" aliuliza Haidari.

"Ningekuwa nimeitia mimi kwa mkono isingekaa vizuri hivi." Aliinua uso, akamtazama mumewe jicho moja likiwa linatoa machozi kwa kulikodoa. "Ilikuwa hapo siku zote hizi, mchana?"

"Siku zote."

Safu ilipangwa, nayo ilikwenda taratibu mpaka jua lilipogusa minazi. Kila baada ya watu kadhaa Mwalimu Tabu alisogeza darubini kidogo kuifuata nyota, akiitazama saa ya shaba, na haikumdanganya hata mara moja. Mudy alipofika zamu yake aliangalia, akaondoka kimya, akarudi tena nyuma ya mstari bila kusema lolote, na hiyo kwa Mudy ilikuwa hotuba.

Mkuu wa shule mwenyewe ndiye aliyegonga msumari. Saa ilipanda kwenye ukuta wa maabara jua likiwa bado dirishani, na chini yake kikabandikwa kibao kidogo: Fundi Haidari, Kibiti. Pembeni Mwalimu Tabu alibandika jedwali jipya. Kila mstari sasa ulikuwa na majina mawili, kwa mkono wake: Jumapili jioni, ndio usiku wa Jumatatu. Jumatatu jioni, ndio usiku wa Jumanne. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka.

Mudy alisimama mbele ya ukuta akilinganisha saa ya shaba na simu yake. "Sasa mzee, hii ndiyo imepishana na dunia nzima. Kuna siku itasema sawa na sisi?"

"Ipo," alisema Haidari. Hesabu hiyo alikuwa ameshaipiga kwa penseli alfajiri ile, kwa raha yake mwenyewe. "Mwisho wa Desemba, tarehe ishirini na saba hivi. Itakapotimia saa kumi na mbili jioni, tunapoanza kuhesabu usiku wetu upya, na hii itaanza kuhesabu upya. Saa moja yetu itakuwa saa moja yake, mbili kwa mbili, usiku mzima."

"Usiku wa tarehe ishirini na saba?"

Haidari alimtazama Mwalimu Tabu, naye Mwalimu Tabu akamtazama Mwanaheri.

"Tarehe ishirini na saba jioni," alisema Haidari. "Usiku wa ishirini na nane. Na usije siku ya pili, Mudy. Utakuta sahani zimeoshwa."